Zulmira Toste Thibeault na Ratiba Ambayo Hakuisoma

Padre, Mama Guiomar, ndugu, majirani, na ninyi mliotoka kituo cha darubini mkakaa safu tatu za nyuma: huu ni wasifu wa marehemu Zulmira Toste Thibeault. Umeandikwa na mdogo wake, Idalina, ambaye ndiye anayeusoma. Familia ilimwomba auandike kwa upole, naye alijaribu. Pale upole uliposhindikana, aliona afadhali aandike ukweli.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1963 katika kijiji cha Altares, kisiwani Terceira, Ureno, mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Mzee Hermínio Toste na Mama Guiomar. Mwezi Agosti 1971 familia ilihamia Lowell, Massachusetts, ikapanga ghorofa ya tatu ya nyumba ya mbao ambayo wengi wenu mliijua kwa ngazi zake. Tangi la maji ya moto lilitosha kuoga watu wanne, na wao walikuwa saba. Kila Jumamosi ulizuka ugomvi, mpaka Zulmira, akiwa na miaka kumi, alipochukua mfuko mtupu wa sukari, akaupasua, akaandika zamu: nani anaoga saa ngapi, kwa dakika ngapi, na tangi linaachwa kwa muda gani lipate moto tena. Ugomvi ukaisha. Idalina aliwekwa wa mwisho kwa sababu, kwa maneno ya marehemu, alikuwa mdogo na hakuwa na uchafu wa kutosha kudai maji ya moto. Alioga maji vuguvugu miaka minane, na mpaka leo hajasamehe vizuri.

Alisoma shule za serikali hapa Lowell. Alifika hajui Kiingereza, na mwalimu wake wa kwanza alimweka nyuma ya darasa pamoja na wasiojua kusoma. Miezi mitano baadaye alihamishiwa mbele, kwa kuwa alikuwa akisahihisha hesabu za mwalimu ubaoni. Mwaka 1985 alihitimu shahada ya hisabati katika chuo kikuu cha hapa hapa mjini, akiwa bado analala chumba kimoja na dada zake wawili. Baada ya hapo alifanya kazi miaka kumi na tatu katika kampuni ya rada. Kazi hiyo hakuipenda, wala hakuwahi kuizungumzia.

Mwaka 1998 aliajiriwa na kituo kinachoongoza Darubini ya Ostrander, miaka miwili kabla darubini yenyewe haijarushwa. Mama huwaambia watu kanisani kwamba bintiye alikuwa akizipiga nyota eksirei, na hayuko mbali sana na ukweli. Darubini hiyo inaizunguka dunia kwa mbali sana, mzunguko mmoja ukichukua karibu siku tatu, ikitazama eksirei zitokazo kwenye nyota zilizolipuka na kwenye mashimo meusi. Ndani yake hamna mtu. Hufanya kile tu ilichoandikiwa, na huandikiwa mambo ya wiki nzima kwa mkupuo mmoja: igeukie wapi, ikae hapo dakika ngapi, itumie kamera ipi, izungumze na dunia saa ngapi.

Mwandishi wa ratiba hiyo ya wiki alikuwa Zulmira. Wanasayansi walimletea orodha ya vitu walivyotaka kutazama, kila mmoja akiapa kuwa chake hakiwezi kungoja, na yeye aliwasikiliza wote kisha akawapanga anavyojua. Upande mmoja wa chombo ukikaa juani muda mrefu unachemka, na ukikaa kivulini mno mabomba yake yanaganda. Tena katika kila mzunguko chombo hupita kwenye mkanda wa mionzi unaoizunguka dunia, na kabla ya kuingia humo lazima kamera ifichwe. Isipofichwa inapofuka, na hakuna fundi wa kupanda huko kwenda kuitengeneza. Kompyuta iliuchora mkanda huo kila wiki. Zulmira aliuchora upya kwa mkono, kwa kalamu nyekundu, juu ya karatasi, kila wiki, na waliomcheka walicheka peke yao. Aliandika ratiba 1,187, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyoacha kamera wazi ndani ya mkanda.

Ratiba haikurushwa juu mpaka ipite kikao cha Alhamisi, saa nane mchana. Zilikuwa meza tano: joto, mpangaji, mwelekeo, kamera, na mkuu wa kituo. Kila mwenye meza aliitwa kwa jina, akajibu kwa mdomo wake mwenyewe: "Nimeisoma. Iende." Asiyejibu alihesabiwa kuwa amekataa, na ratiba ilibaki chini. Asiyeweza kufika alipiga simu, au msaidizi wake alikaa kwenye kiti akajibu kwa jina lake mwenyewe. Kanuni hiyo iliandikwa ukutani, na marehemu alikuwa mmoja wa walioitunga. Tunaomba mnaosikiliza muiweke akilini.

Tarehe 14 Oktoba 2000 marehemu alifunga ndoa na Bwana Normand Thibeault, naye mzaliwa wa Lowell, mwenye meza ya joto katika kituo hicho hicho. Walianza kwa kugombana, kwa kuwa Normand alitaka darubini ipoe na Zulmira alitaka ifanye kazi. Ndoa ilifungwa Jumamosi kwa sababu Jumapili ratiba hurushwa juu. Marehemu alikuwa na miaka thelathini na saba, na shangazi zake walikuwa wameshachoka kuuliza. Ilikuwa ndoa njema. Idalina analisema hilo mapema, na analisema wazi, ili asije mtu akadhani yafuatayo yametoka kwa shemeji mwenye wivu.

Binti yao, Celestina, alizaliwa Alhamisi, tarehe 16 Mei 2002. Saa nane mchana marehemu alikuwa wodi ya uzazi, uchungu umekolea, kurasa za ratiba zimetandazwa juu ya tumbo. Aliitwa kwa simu kama kawaida. Akawaambia, "Nimeisoma. Mstari wa mia mbili na nne una kosa. Rekebisheni, halafu iende. Sasa kateni simu, nina kazi." Celestina akazaliwa dakika hamsini baadaye. Kituo kiliisimulia hadithi hiyo kwa miaka ishirini, kwenye sherehe na mbele ya wageni, na marehemu alicheka kila mara kana kwamba hajaisikia. Leo familia inatamani isingesimuliwa hata mara moja. Ndiyo iliyowazoesha watu kuamini kwamba Zulmira anaweza kusoma ratiba akiwa kitanda chochote na katika hali yoyote.

Mwezi Novemba 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliendelea na kazi akiwa nyumbani, na wiki ambazo dawa zilimlemea, msaidizi wake aliomba kushika meza. Normand hakutaka kulisikia neno hilo. Alisema mkewe angali mpangaji, na Alhamisi mpangaji huitwa.

Katikati ya Februari 2024 nyota moja ya mbali ililipuka ghafla, na wakubwa wakataka darubini igeuzwe upesi kabla mwanga wake haujafifia. Ratiba iliyokuwa tayari ilivunjwa, mpya ikaandikwa haraka haraka na kompyuta. Kikao cha dharura kiliitishwa Ijumaa, tarehe 16, saa tisa alasiri. Siku hiyo marehemu alikuwa hospitali, Boston. Tangu saa sita mchana alikuwa amelala kwa dawa ya maumivu, na Idalina alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akimkanda miguu. Ratiba mpya iliingia kwenye kompyuta yake ya mapajani saa nane na dakika ishirini. Kompyuta hiyo ilikuwa kwenye kiti, imefungwa, juu yake koti la Idalina, na koti halikutoka hapo mpaka jioni. Saa tisa kasoro Normand aliingia, akamtazama mkewe, akamvutia shuka mpaka mabegani, kisha akatoka na simu yake kwenda ukumbini.

Huko ukumbini, jina la mkewe lilipoitwa, alijibu yeye. Alisema, "Zulmira ameisoma. Iende."

Mkuu wa kituo alijua kanuni. Aliijua sauti ya Normand pia, maana alikuwa ameisikia kila Alhamisi kwa zaidi ya miaka ishirini, na dakika moja kabla ya hapo Normand alikuwa amejibu kwa meza yake mwenyewe ya joto. Hata hivyo alikubali, akaita jina lililofuata. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini siku ile asiyekuwepo alipewa lake bila kuulizwa.

Katika ratiba hiyo nyota iliongezewa muda, na kila kilichofuata kikasukumwa mbele dakika arobaini, pamoja na amri ya kuficha kamera. Mkanda wa mionzi hausukumwi na mtu. Darubini iliingia humo Jumanne, kamera iko wazi, ikakaa hivyo dakika arobaini. Kati ya vipande vinne vya kamera, kimoja kilipofuka kabisa na cha pili kimebaki nusu. Mstari mmoja wa kalamu nyekundu ungetosha kulizuia kosa hilo.

Uchunguzi ulifanywa kwa simu. Tarehe 12 Machi marehemu alikuwa nyumbani jikoni, na Idalina anamlisha supu ya sukuma na soseji, simu imewekwa mezani kwa sauti. Bwana mmoja mpole alimuuliza kama aliisoma ratiba ile kabla ya kikao. Zulmira alilisogeza bakuli. Akasema, "Ndiyo, niliisoma." Bwana akauliza kama hakuliona kosa la mkanda. Akasema, "Sikuliona." Bwana akamshukuru, akamtakia nafuu, na mazungumzo yakaishia hapo. Hayakufika dakika nne.

Yaliyofuata baada ya simu kukatwa yanaandikwa kama yalivyosemwa, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeyasikia.

"Dada, ulikuwa umelala," Idalina alimwambia. "Mimi nilikuwepo. Ulikuwa unakoroma."

"Najua nilikuwa nimelala. Usiseme nakoroma."

"Sasa mbona umejitwika?"

"Normand ana miaka sita mpaka astaafu, na mtoto bado yuko chuoni. Wanataka mtu wa kumtupia lawama. Wamtupie anayeondoka."

"Na jina lako je?"

"Jina nitakwenda nalo wapi, mdogo wangu? Lete supu, inapoa."

Kisha akamtaka aape. Alisema, "Nikiwa hai, usimwambie mtu." Idalina aliapa, kijiko kikiwa bado mkononi, na kiapo amekitunza mpaka saa tatu na dakika kumi asubuhi ya Jumapili iliyopita. Dada yake alisema akiwa hai. Hakuongeza neno jingine, na alikuwa mtu wa kupima maneno.

Ni vigumu kumlaumu mtu akiwa ndani ya jeneza mbele ya mama yake, lakini marehemu alikosea. Maisha yake yote alisema kweli mpaka ikaudhi. Alimwambia padre wa zamani kwamba mahubiri yake ni marefu, alimwambia Idalina kwamba mchumba wake wa kwanza ni mlevi, na mara zote mbili alikuwa sahihi. Alidanganya mara moja tu, kwa upendo, na uongo huo ndio uliopigwa chapa. Taarifa ya uchunguzi ilitoka tarehe 29 Aprili, kurasa arobaini na moja. Ukurasa wa kumi na saba unasema mpangaji, licha ya hali yake, aliithibitisha ratiba bila kubaini kosa. Maneno "licha ya hali yake" Idalina ameyasoma mara nyingi. Hakuna aliyemuuliza muuguzi mgonjwa aliamka saa ngapi. Hakuna aliyemuuliza mkuu alisikia sauti ya nani. Ilikuwa funika kombe mwanaharamu apite, na kombe walilofunikia ni mwanamke asiyeweza tena kupanda ngazi za nyumba yake.

Nao hawakuishia hapo. Wapangaji wapya kituoni sasa hufundishwa somo linaloitwa Kosa la Thibeault. Celestina ndiye aliyelisikia, kwa rafiki yake anayefanya mafunzo huko, siku nne kabla ya mama yake kufa. Ratiba 1,187 hazina somo. Hii moja, ambayo kompyuta iliandika na yeye hakuiona kwa macho, ndiyo imepewa jina lake.

Kituo kimeleta maua. Yako pale mlangoni, ni mazuri, na marehemu angeyapenda. Kadi imeandikwa, "Kwa Zulmira, aliyekuwa mmoja wetu." Kadi imeondolewa na familia.

Marehemu alifariki nyumbani kwake tarehe 19 Mei 2024, akiwa na miaka sitini na moja. Siku mbili za mwisho hakuzungumza sana. Jumamosi jioni alifumbua macho akauliza, "Imefichwa?" Normand akamshika mkono akamwambia imefichwa. Alirudi kulala, na hakuamka tena.

Jumatano wiki hii Idalina alikuwa na wasifu wa aina mbili mezani jikoni. Wa kwanza ulikuwa mfupi, na ulisema marehemu alilitumikia shirika kwa uaminifu hadi alipougua. Wa pili ni huu. Normand alipoingia kutafuta kahawa, Idalina alimsukumia huu, wote, ila sehemu hii ya jikoni, ambayo ilikuwa bado haijaandikwa. Aliusoma amesimama. Alipofika kwenye aya ya ukumbi wa hospitali aliketi.

"Shemeji," alisema, "utausoma huu mbele ya mkuu?"

"Nitausoma mbele ya Mama. Mkuu akiwepo, ana masikio."

Normand aliziweka kurasa mezani. Kisha akasema, "Nilitaka waendelee kumwita. Wakishamkalisha msaidizi, hawarudi kumwita tena, na yeye angejua. Nilipomwona amelala nilijua naenda kusema uongo. Nikasema ni wiki moja tu."

"Na simu ya uchunguzi ilipopigwa? Nayo ilikuwa wiki moja tu?"

"Aliniambia nikae kimya."

"Aliniambia na mimi. Sisi wote wawili tumemtii, Normand, na tazama tulipomfikisha."

Idalina hakumfariji. Hajui kama siku moja ataweza, na hatadanganya hapa kwamba ameshaweza. Alimmiminia kahawa, kwa kuwa Normand alikuwa mgeni jikoni kwake mwenyewe, akamwambia kwamba wasifu unakwenda kwa mchapaji kesho saa sita, ukiwa hivyo hivyo ulivyo. Kama kuna mstari usio wa kweli, aufute sasa hivi kwa mkono wake. Normand aliurudia kuanzia juu. Hakufuta neno.

Marehemu ameacha mama yake, Guiomar Toste, mwenye miaka tisini na moja. Binti yake, Celestina. Kaka zake, Gualter na Délio. Dada yake, Natércia. Mdogo wake, Idalina. Wapwa kumi na mmoja. Na mume wake, Normand Thibeault. Katika nakala ya kwanza jina la Normand liliandikwa mwisho, tupu, bila neno "mpendwa". Hakuliomba. Aliomba kalamu, na chini ya jina lake akaandika maneno haya, ambayo mchapaji ameyaweka kama alivyoyakuta:

"Tarehe 16 Februari mke wangu alikuwa amelala. Hakuisoma ratiba ile. Niliyesema ameisoma ni mimi, na aliyenikubalia anajua. Nimewaandikia waliofanya uchunguzi, nikatia saini. Nilipaswa kufanya hivyo angali anasikia."

Barua ilipelekwa jana asubuhi. Haijajibiwa.

Mungu akupokee, Zulmira, akupe amani ambayo hatukukuachia. Ratiba ile haikuwa yako.